Jivu, Ndimu na Magadi: Elimu ya Usafi Iliyomo Jikoni

Jioni ya kuamkia Idi, katika nyumba nyingi za mwambao, palikuwa na kazi moja ambayo haikuachiwa mtu mmoja peke yake, nayo ni kazi ya kusugua shaba. Mdila wa kahawa, tasa la kunawia mikono, masinia na chetezo vilitolewa uani vikapangwa juu ya mkeka mkuukuu; na bibi yangu, akiisha kukaa kitako juu ya kigoda chake, akavuta karibu yake bakuli la ukwaju uliorowekwa tangu adhuhuri, konzi ya chumvi, na kipande cha kumbi la nazi kilichopondwa hata kikawa laini. Sisi wajukuu tuligawiwa vyombo kwa kadiri ya umri wetu, mkubwa sinia na mdogo kifuniko cha mdila. Vitu ambavyo mwaka mzima vilikuwa vimefifia hata rangi yake ikakaribia rangi ya udongo vilirudi kuwa dhahabu mbele ya macho yetu, na kila mmoja alijitazama humo akaona uso wake umepanuka na pua yake imekuwa kama ya kiboko, tukacheka hata tukakaripiwa.

Bibi hakupata kulisikia neno asidi maishani mwake. Lakini alikuwa na ujuzi ambao wengi wetu, pamoja na elimu yetu, tumeupoteza: alijua kuwa ukwaju ung'arishao mdila hauna faida yo yote juu ya sufuria yenye mafuta, na kwamba jivu liondoalo mafuta katika sufuria halifui dafu mbele ya kutu ya mdila. Hakuwa na dawa moja ya kila kitu, wala hakuitafuta. Aliutazama uchafu kwanza akaujua ni wa jinsi gani, ndipo akanyosha mkono kuchukua kitu cha kuuondolea. Katika maneno yangu yote ya leo sina jambo kubwa kuliko hili, na mengine yatakayofuata ni sherehe yake.

Mtu aingiaye leo katika duka kubwa la mjini huiona rafu nzima imejaa chupa za usafi: ya buluu kwa vioo, ya kijani kwa sakafu, ya waridi kwa choo, ya manjano kwa vyombo, na nyingi zimechorwa tunda au ua ambalo pengine halimo ndani yake. Sisemi kwamba vitu hivyo ni ghushi; vingi hufanya kazi vizuri. Nasema tu kwamba mwenye kipato kidogo asidhani usafi umefungiwa humo, kwa maana akiyachungua yale maandishi madogo yaliyo mgongoni mwa chupa atakuta, chini ya majina marefu ya kutisha, jamii zile zile ambazo jikoni kwake zimo tangu zamani: kitu cha uchachu, kitu cha ukoo wa magadi, sabuni, na manukato ya kuyafunika hayo yote.

Tuanze na uchachu. Shaba nyeupe, ile iliyo mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, haikai katika hewa ikasalimika. Oksijeni iliyomo hewani hushikamana na uso wake, na katika miji ya pwani unyevu na chumvi ya bahari huliharakisha jambo hilo, hata pakatokea juu yake utando mwembamba mweusi au wa kahawia ambao sabuni haiwezi kuutoa kamwe, kwa kuwa si mafuta wala si vumbi: ni sehemu ya shaba yenyewe iliyogeuka. Asidi ndiyo iwezayo kuuyeyusha utando huo na kuiacha wazi shaba iliyo chini yake. Ukwaju una asidi ya tartariki. Ndimu ina asidi ya sitriki, ambayo kadiri yake ni kiasi cha sehemu 5 au 6 katika kila 100 za maji yake. Siki ina asidi ya asetiki, aghalabu sehemu 4 hadi 8 katika 100. Na birimbi, tunda ambalo watoto hulila kwa chumvi huku wamefumba macho, lina asidi ya oksaliki, mshindani mkubwa wa madoa ya kutu. Chumvi ya kawaida ikitiwa juu ya mojawapo ya hizi huizidishia nguvu, na fauka ya hayo chembe zake husaidia kusugua.

Kati ya hizo mimi nauchagua ukwaju kwa shaba. Ndimu si dhaifu kuliko ukwaju; lakini ukwaju ni mzito, ukipakwa juu ya mdila hukaa, ilhali maji ya ndimu na siki hutiririka yakaenda zao kabla ya kazi kwisha. Uzito huo una faida kubwa zaidi kwa wenye nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja ambazo milango yake imepigwa misumari mikubwa ya shaba, kwa kuwa ukwaju hubaki juu ya msumari wala hauteremki ukaacha michirizi katika mbao za watu wa kale. Sharti lake ni moja: shaba ikisha kung'aa ioshwe kwa maji mengi, ikaushwe saa ile ile kwa kitambaa, maana uchachu ulioachwa juu yake huendelea kula, na siku chache baadaye utaona madoa ya kijani.

Kazi nyingine ya uchachu imo ndani ya birika. Maji ya visima vingi vya Unguja, Mombasa na kwingineko pwani hupita katika mawe ya matumbawe kabla ya kufika ndooni, na mawe hayo ni chokaa. Kwa hiyo maji huchukua chokaa kidogo yakaificha, yakawa maangavu machoni lakini magumu kwa sabuni, nawe hufua mpaka ukachoka kabla ya kuliona povu. Yanapochemshwa, chokaa ile hujitenga ikaganda ndani ya birika, kwanza unene wa karatasi, baadaye unene wa ganda la yai, na birika lenye ganda hula mkaa au umeme zaidi kwa kuwa joto hucheleweshwa njiani. Nimewaona watu wakilikwangua ganda hilo kwa ncha ya kisu, na mwisho wake ni kulitoboa birika. Tia humo siki na maji nusu kwa nusu, au maji yenye ndimu tatu nne zilizokamuliwa, yachemshe, kisha yaache yapoe humo humo. Utaona mapovu madogo yakipanda, nayo ni hewa ya kaboni inayotoka katika chokaa inayoyeyuka. Mwaga, suuza mara mbili, na chai ya kesho haitakuwa na ladha ya kachumbari.

Ama shombo, ile harufu ya samaki inayobaki mikononi na kwenye ubao hata baada ya sabuni, kila mtu aliyewahi kupaa samaki anajua kwamba dawa yake ni ndimu, lakini si kila mtu ajuaye sababu. Harufu hiyo hutokana na vitu vya ukoo wa alkali ambavyo huzuka katika mwili wa samaki baada ya kufa kwake. Uchachu wa ndimu hushikana navyo ukavigeuza kuwa chumvi isiyoweza kuruka hewani, na pua haina tena cha kunusa. Ndiyo maana kipande cha ndimu kilichokwisha kukamuliwa hakitupwi katika jikoni la mpishi wa pwani. Hutiwa chumvi kikasuguliwa ubao, kisu na ncha za vidole. Mtu wa kwanza aliyefanya hivyo hakuwa na maabara. Alikuwa na pua yake tu.

Lakini uchachu unaoyeyusha chokaa ya birika hauna macho ya kuibagua na chokaa ya sakafu. Marumaru ni chokaa iliyokomaa ardhini, na sakafu za terazo aghalabu zina vipande vya marumaru ndani yake. Zote mbili ndimu huzila. Katika ujana wangu nilikaribishwa kukaa kwa mjomba wangu, mtu aliyeipenda sakafu yake kuliko koti lake la Idi, nami siku moja nikamwaga chai ya rangi barazani alipokuwa hayupo. Kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi hodari wa bibi, nilikamua ndimu kumi juu ya doa lile, nikafurahi kuyaona mapovu yakitoka, nikadhani ndiyo kazi inafanyika. Ilipokauka, doa la chai lilikuwa limetoka kweli, na mng'ao wa sakafu umetoka pamoja nalo, pakabaki duara lililofifia lenye upana wa sahani. Mjomba hakunigombeza. Aliweka msala juu yake, na kwa miaka yote niliyokaa pale kila mgeni alipoombwa akae upande ule mimi nilijua kilicho chini yake.

Upande wa pili wa elimu hii umo katika mafiga. Jivu la kuni, hilo tulikanyagalo bila ya kulifikiri, lina chumvi za potasi ndani yake. Ukilitia katika maji likalala usiku kucha, maji yaliyotulia juu huteleza vidoleni, na utelezi huo ndio alama ya alkali. Neno lenyewe alkali Wazungu wamelitwaa kwa Waarabu, ambao kwao al-qali ni jivu la mimea ya chumvi lililotumika kufanyizia sabuni na vioo. Kwa hiyo mtu akilitaja neno hilo katika darasa la kemia hana budi ajue kwamba anataja jivu. Alkali ikikutana na mafuta, hasa pakiwa na joto, huyageuza sehemu yake kuwa sabuni, nayo sabuni hiyo ikayabeba yaliyosalia. Basi mama aliyesugua sufuria kwa jivu, kumbi na maji ya moto alikuwa akifanya kazi mbili kwa mkono mmoja: chembe za jivu zikikwangua ukoko, na alkali yake ikifanyiza sabuni kidogo pale pale juu ya chombo. Na kuna hila nyingine ya jivu ambayo naiheshimu zaidi, kwa kuwa inautangulia uchafu badala ya kuufuata: mpishi wa kuni hupaka nje ya sufuria uji wa jivu au udongo kabla ya kuiteleka, ili masizi yashike ule mpako badala ya kuishika sufuria, na chakula kikiisha kuiva maji kidogo tu huyaondoa yote.

Ndugu wa jivu ni magadi, na katika jambo hili Mungu ametukunjulia mkono sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko mataifa mengi. Katika Bonde la Ufa kuna maziwa, kama Ziwa Magadi la Kenya na Ziwa Natron la Tanzania, ambayo maji huingia humo wala hayana njia ya kutokea. Jua huyakausha, na soda iliyokuwa imeyeyuka ndani yake hubaki juu kama gamba jeupe lenye wekundu wa waridi. Kule Ziwa Magadi kampuni ya kuichimba soda hiyo ilianzishwa mwaka 1911. Ulaya haikuwa na bahati kama hiyo. Mwishoni mwa karne ya 18 Ufaransa ilibanwa na uhaba wa soda ya kufanyia sabuni, vioo na nguo, hata tabibu mmoja aitwaye Nicolas Leblanc akabuni njia ya kuitoa soda katika chumvi ya kawaida, akapewa hataza mwaka 1791. Mapinduzi yakamnyang'anya kiwanda chake, na mwaka 1806 alijiua hali ya kuwa fukara. Kitu kilichomtaabisha mtu huyo hata mwisho wa umri wake sisi huuziwa sokoni kwa kipimo cha kikombe, tukakitia katika maharagwe yaive upesi, wala hatukumbuki kwamba kinafaa pia kwa ukuta wa jikoni.

Nao ukuta wa jikoni ndio mahali pake hasa. Mvuke wa mafuta ya kukaangia ulioganda juu ya vigae na juu ya jiko, ule ambao ukiguswa hunata kama ulimbo na ambao vumbi limeujia juu yake, hauogopi ndimu hata kidogo. Lakini kijiko kimoja cha magadi katika bakuli la maji ya moto, kikapakwa kwa kitambaa na kuachwa muda wa kunywa kikombe cha chai, huulegeza hata ukafutika wenyewe. Vitambaa vya jikoni vilivyojaa mafuta hulowekwa katika maji hayo hayo. Soda ya kuumulia mandazi, ambayo wengine huiita bikaboneti, ni ya ukoo huo huo, ila upole wake ni mkubwa zaidi: hiyo itumie kwa chupa ya chai iliyopakwa weusi ndani, kijiko kimoja na maji ya moto, ilale mpaka asubuhi.

Anayetaka kuuona mpaka baina ya pande hizi mbili kwa macho yake mwenyewe na alitazame tone la mchuzi katika kanzu nyeupe. Doa ni la manjano. Hulipaka sabuni, na mara hiyo hiyo likageuka jekundu kama damu, na mwenye kanzu akapiga kelele kwamba sabuni imemharibia nguo. Haikuharibu kitu. Bizari ya manjano ina tabia ya kugeuka nyekundu ikiguswa na alkali, na sabuni ya kufulia ni alkali. Tia tone la ndimu juu yake utaliona doa likirudi kuwa la manjano. Dawa yake ya kweli ni kulifua kwa sabuni mpaka mafuta yatoke, kisha kuianika kanzu juani, kwa kuwa rangi ya bizari haiwezi kustahimili nuru ya jua, nayo hupauka siku hadi siku. Doa la damu ni kinyume cha hayo: lenyewe lataka maji baridi kwanza, maana maji ya moto huipika damu ndani ya nyuzi kama yai linavyopikwa kikaangoni.

Magadi nayo yana adui wake asiyefaa kukutanishwa naye, na adui huyo yumo katika kila nyumba. Sufuria za alumini huliwa na alkali. Ukiiloweka sufuria usiku kucha katika maji ya magadi utaikuta asubuhi imeingia weusi wa moshi ambao hautoki kwa kusugua, nawe utadhani mtu ameichoma. Hapo rudi upande wa uchachu: chemsha humo maji na maganda ya ndimu, au konzi ya ukwaju, na weusi utaondoka bila ya jasho. Nguo za sufu na hariri nazo zisipelekwe karibu na magadi, wala mikono isizoeshwe, kwa sababu ngozi yetu ina mafuta yake, na alkali haiulizi mafuta hayo ni ya nani.

Ya vyombo vya kusugulia sitayasema mengi. Kumbi, dodoki lililokaushwa, mchanga laini wa pwani na ufagio wa chelewa vinajulikana, na kazi yake huonekana kwa macho. Neno moja tu: vyombo vya plastiki na vikaango vyenye mpako usiogandisha chakula havitaki mchanga wala waya, kwa maana kila mkwaruzo unakuwa shimo jipya la kuficha uchafu. Gazeti kuukuu kwa kioo cha dirisha halijapata mshindani wa bei yake.

Sasa nina ugomvi mdogo na desturi mpya. Imeenea habari kwamba dawa kuu kuliko zote ni kuchanganya soda ya mandazi na siki, na watu hupendezwa sana, kwa sababu mchanganyiko huo huchemka kwa povu kama bahari ya kusi. Povu hilo ni hewa ya kaboni inayokimbia, na maana yake ni kuwa asidi na alkali zimekamatana na kuuana. Vikitulia, bakulini mna maji yenye chumvi dhaifu ambayo hayawezi mafuta wala hayawezi kutu. Ni sawa na kuwaajiri vibarua wawili ukawafungia chumbani wapigane mpaka wachoke, kisha ukawaomba wakalime. Siukatai msukosuko wa povu pale unapolegeza takataka katika tundu la sinki, lakini nje ya hapo hesabu yake ni hasara. Tumia soda kwanza iyaondoe mafuta, suuza, kisha tumia siki iondoe ukoko wa maji. Kila moja ikipewa zamu yake, kazi huonekana.

Na iko desturi ya zamani ambayo nayo yataka kuangaliwa. Sisi watu wa pwani tunapenda udi na ubani, na nyumba iliyofukizwa humkaribisha mgeni kabla ya mwenyeji kusema neno. Lakini chetezo hupita mwisho, baada ya ufagio, na si badala yake. Harufu ya uvundo haishindwi kwa harufu nyingine. Hushindwa kwa kukiondoa kinachonuka, au kwa kuifungulia hewa njia, au kwa kuweka katika kabati vipande vichache vya mkaa ndani ya kikombe, kwa kuwa mkaa umejaa vishimo vidogo visivyohesabika ambavyo huishika harufu na kuinyamazisha. Jivu likinyunyizwa katika choo cha shimo kila kinapotumiwa hupunguza harufu na nzi, na halina gharama.

Ukungu wa masika, ule unaopanda ukutani ukaacha ramani nyeusi nyuma ya kabati, una dawa ambayo wazee wetu waliipika wenyewe katika tanuri za pwani, wakipanga mawe ya matumbawe juu ya kuni na kuyachoma, kisha wakayazima kwa maji yakawa chokaa. Chokaa iliyozimwa ni alkali kali sana, na ukungu hauwezi kuota juu yake maadamu ingali mpya. Nyumba zilizopakwa chokaa kila mwaka zilipata weupe, na pamoja na weupe huo zilipata dawa. Rangi za mafuta tunazopaka leo hung'aa zaidi, lakini huuzuia unyevu ndani ya ukuta wa mawe, na unyevu usipopata pa kutokea hutafuta pa kukaa. Hata hivyo, anayepaka chokaa na ayahifadhi macho yake, maana tone lake jichoni si jambo la mzaha.

Hayo yote huondoa uchafu. Vijidudu vya maradhi ni mlango mwingine, na hapa sitaki msomaji adanganyike kwa mapenzi yangu ya ndimu. Sabuni na maji huvichukua vingi vikaenda na maji machafu, na jua kali juu ya godoro, mto na ubao uliooshwa huvipunguza. Lakini nyumba iliyoingiwa na kipindupindu au kuhara damu haisafishwi kwa siki. Unguja inalijua jambo hilo kwa uchungu: kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kiliangamiza watu wengi kisiwani, na tabibu James Christie, aliyekuwa mganga wa Sultani, aliandika habari za maradhi hayo katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1876. Wakati huo dawa ilikwisha kujulikana mahali pengine, ila haikuaminiwa. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru waganga waoshe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwashika wazazi, na vifo vya akina mama katika wodi yake vikashuka kutoka kiasi cha 18 katika kila 100 mwezi wa Aprili hadi kiasi cha 2 mwezi wa Juni. Wakubwa wengi wa wakati wake hawakumsikiliza.

Klorini hiyo ndiyo iliyomo katika maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo mjini watu wengi huyaita jiki na ndugu zetu wa Kongo huyaita javeli, kwa jina la kitongoji cha Paris kilichoyatengeneza kwanza. Yana adabu zake. Lazima uchafu uoshwe kwanza kwa sabuni, kwa maana klorini ikikuta matope au matapishi humalizia nguvu zake humo kabla ya kuvifikia vijidudu; yazimuliwe kwa maji baridi kama chupa inavyoagiza; yaachwe juu ya kitu dakika kadhaa kabla ya kusuuzwa; na chupa iliyokaa sana, hasa juani, isitegemewe, kwa kuwa nguvu zake hupungua kimya kimya.

Na adabu iliyo kubwa kuliko zote ni hii, nami naomba isomwe na kila mtu mwenye chupa hiyo nyumbani kwake. Jiki haichanganywi na siki, wala ndimu, wala dawa ya choo iliyo na asidi. Uchachu ukiiingia huifungua klorini ikatoka hewani kama moshi wa kijani hafifu, pengine bila ya kuonekana, na hewa hiyo ni ile ile iliyofunguliwa juu ya askari huko Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikawachoma mapafu katika mahandaki yao. Haichanganywi pia na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za vioo na katika mkojo uliokaa, kwa sababu hapo huzuka hewa nyingine inayodhuru pumzi. Choo ni chumba kidogo, dirisha lake ni tundu, na msichana wa kazi au mtoto aliyetumwa akasugue huinamia karai akiwa na mlango nyuma yake umefungwa, akiamini kwamba dawa mbili zikichanganywa huwa na nguvu mara mbili. Akikohoa na macho yakamchoma, na aache kila kitu pale pale atoke nje kwenye hewa, na asirudi kumwaga mpaka moshi uishe. Akiendelea kubanwa kifua, apelekwe hospitali bila ya kungoja.

Aghalabu chupa ya siki na chupa ya jiki hukaa bega kwa bega chini ya sinki moja, pengine zote mbili zimemiminwa katika chupa za soda zisizo na maandishi. Kama ndivyo ilivyo kwako, inuka sasa uzitenganishe, na jiki uirudishe katika chupa yake yenye jina.